Jino Lililopotea Kiwandani

Sehemu ya sita

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mimi ni meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha biskuti, na wakati wa mkasa huu nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye kiti hicho. Kazi nilitafutiwa na shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, ambaye ni mkaguzi wa ubora pale pale. Alipeleka barua yangu kwa mkurugenzi mwenyewe na akasema, "Huyu namjua, ni mtu wa kweli."

Mwisho wa mkanda wetu kuna mashine inayonusa chuma. Pakiti ikipita na hata ncha ya sindano ndani yake, mashine inalia na kuisukuma pembeni. Wafanyakazi wanamwita Mbea. Wiki ile Mbea alikuwa analia ovyo, hata pakiti ikiwa salama, na kila akilia mkanda unasimama. Mimi nilikuwa na oda kubwa ya kutoka Ijumaa. Jumatatu asubuhi nikamwambia fundi amzime.

Shemeji alipouliza, nikamwambia Mbea atatengenezwa kesho yake, kwa hiyo asaini tu kwenye daftari kwamba anafanya kazi. Akasaini Jumatatu. Akasaini Jumanne. Akasaini Jumatano.

Alhamisi, saa moja asubuhi, fundi akafungua mashine ya kukatia unga akakuta kisu kina pengo. Jino moja limekatika, kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo ndipo nilipowaacha.

Wapo waliopiga simu gazetini kunipa pole. Ahsanteni, lakini mngesubiri.

Tulikuwa watatu kwenye karakana ya fundi, mlango umefungwa. Fundi ni mtu mzima, mpole, na anaongea taratibu. Ukimuuliza saa ngapi, ataanza na siku aliyonunua saa.

"Jana asubuhi lilikuwepo?" nikamuuliza.

"Jana nilikuja mapema," akasema. "Mlinzi alikuwa bado hajafungua geti dogo. Nikapitia geti kubwa..."

"Fundi. Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Kwa hiyo lilikatika Jumatano. Na kama liliingia kwenye unga, basi lilikatwa, likaokwa, likafungashwa, na Mbea alikuwa amelala.

Shemeji alikuwa amekunja mikono juu ya koti lake jeupe. Kazini huwa ananiita meneja, hata tukiwa wawili.

"Meneja, tusimamishe kiwanda. Twende juu kwa mkurugenzi sasa hivi."

"Tukasemeje?"

"Tukaseme ilivyokuwa."

"Biskuti zote za jana ziko ghalani," nikamwambia. "Lori halijapakia. Tukizipitisha zote kwa Mbea, jino litapatikana, na hakuna atakayekuwa ameumia. Nipe muda mpaka mchana."

Aliniangalia kwa muda. Nadhani alikuwa anamtafuta yule mtu wa kweli.

"Saa sita," akasema. "Ikigonga saa sita napanda ngazi, uwe umelipata au hujalipata."

"Saa sita," nikakubali. Saa sita ilionekana mbali sana wakati ule.

Fundi alimwasha Mbea. Alimfungua mgongo, akapuliza vumbi, akakaza waya mmoja, akafunga. Tukapitisha kile kipande cha majaribio. Akalia mara moja tu, vizuri. Tukapitisha pakiti salama. Akanyamaza.

"Kumbe ni waya," fundi akasema.

"Muda wote ulikuwa ni waya?"

"Muda wote."

Dakika nne. Nilikuwa nimeficha jambo hili siku tatu, na lilikuwa na dawa ya dakika nne. Nikajikaza, nikaenda kuwakusanya wafanyakazi wa kufungasha.

Nikawaambia leo tuna zoezi la ukaguzi. Tutafungua katoni zote za jana, tupitishe pakiti moja moja, kisha turudishe kama zilivyokuwa. Mama mmoja wa zamu, ambaye ameona mameneja sita wakija na kuondoka, akauliza, "Zoezi au kuna kitu?"

"Zoezi."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshajua.

Kwa hesabu ya uzalishaji zilikuwa katoni mia tatu na kumi na nane. Kila katoni ina pakiti ishirini na nne. Tulianza saa moja na nusu. Mikono ilikuwa inakwenda haraka, na Mbea kimya. Kila pakiti iliyopita kimya ilinipa nafuu na ilinipa hofu, kwa sababu zilizobaki zilikuwa zinapungua na jino bado liko mahali.

Alilia mara ya kwanza saa mbili na robo. Sote watatu tukakimbilia ile pakiti. Shemeji akaipasua juu ya meza nyeupe, akavunja biskuti zote kwa vidole. Ndani kulikuwa na pini ya kufungia karatasi.

"Hii nayo imetoka wapi?" nikauliza.

"Ofisini kwako," shemeji akasema. "Hizi pini mnatumia ninyi tu."

Saa tatu kamili mkurugenzi akaingia.

Mkurugenzi wetu wafanyakazi wanamwita Kwa Kifupi, kwa sababu kila hotuba yake huanza na maneno hayo na huchukua nusu saa. Alisimama katikati ya ukumbi, akatazama katoni zilizofunguliwa.

"Meneja, kuna nini hapa?"

"Tunakagua mara ya pili, bosi. Kabla oda haijatoka."

"Mara ya pili? Zilizokwisha kukaguliwa?"

"Ndiyo, bosi."

Uso wake ukafunguka. Akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote.

"Kwa kifupi," akasema, "mtu wa namna hii ndiye nimemtafuta miaka yote."

Mkanda ukasimama ili watu wasikilize. Alizungumza kuhusu nidhamu. Alizungumza kuhusu baba yake aliyekuwa fundi saa na aliyekuwa anakagua kazi yake mara mbili. Alimsifu shemeji kwa daftari lake safi, sahihi kila siku, hajawahi kuruka hata siku moja. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani, juu ya kichwa cha mkurugenzi, nikaiona inatafuna dakika kumi, kumi na tano, ishirini.

Kisha akanyoosha mkono upande wa kushoto wa meza. Kushoto ndiko zilikokuwa zile ambazo hazijapita kwa Mbea. Akachukua pakiti, akaifungua, akatia biskuti mdomoni.

Fundi, shemeji na mimi tulikuwa tumekodoa macho kwenye taya lake. Lilipanda, likashuka. Akameza. Akachukua ya pili.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

"Tunataka maoni yako, bosi," nikasema.

Akatafuna, akafikiri.

"Sukari imezidi kidogo."

"Tutaipunguza."

Alikula biskuti saba. Nilizihesabu. Alipoondoka na zilizobaki mfukoni, nilimkimbilia nikamwomba zile za mfukoni kwa ajili ya kumbukumbu za ukaguzi. Akanipa, akacheka, akasema kweli mimi ni mtu makini.

Saa nne na dakika ishirini pakiti ya mwisho ikapita. Mbea alikuwa amelia mara nne: pini, kipande cha karatasi ya alumini, hereni ya mfungashaji mmoja aliyeshukuru sana kuipata, na mara moja bila sababu. Jino hapana.

Mtunza ghala akaja na daftari lake. Ni mtu asiyependa kubembelezwa wala kubembeleza.

"Zimepita mia tatu na kumi na saba," akasema. "Jana zilitengenezwa mia tatu na kumi na nane."

"Moja iko wapi?"

Akafungua ukurasa, akaweka kidole.

"Imetoka jana saa kumi na moja jioni. Imechukuliwa na meneja wa uzalishaji. Sababu: zawadi kwa mgonjwa."

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Baba mkwe wangu alivunjika mguu wiki mbili kabla, yuko nyumbani na plasta, wageni wanamiminika kumjulia hali, na mimi nikaona nisiende mikono mitupu. Nilimpelekea katoni nzima. Nilisifiwa sana.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia.

"Umempelekea baba?"

Halikuwa swali la kazini tena. Nikamwambia ndiyo.

"Nenda," akasema. "Na saa sita ni saa sita."

Nyumbani kwa wakwe ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa anafagia baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo huko kazini?"

"Nimepita mara moja kumwona baba."

"Jana umekuja na leo umekuja," akasema, na akafurahi. "Ingia, nikuwekee chai."

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake kirefu, mguu juu ya kigoda. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa tiketi, na bado anamtazama kila anayeingia mlangoni kwa namna ile. Katoni yangu ilikuwa chini ya meza, imefunguliwa. Nikamwamkia, nikamuuliza mguu, akaniambia habari zote za mguu. Kisha nikasema nilichokuja kusema.

"Baba, hii katoni naomba niirudishe. Nitakuletea nyingine kesho."

"Ina nini?"

"Haikuiva vizuri."

"Mimi nimezila. Zimeiva."

"Kiwandani tunaona hazikuiva."

"Nyinyi mnaona kwa macho. Mimi nimeona kwa meno." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Leta hiyo ya kesho, na hii iache. Zawadi hairudi ilikotoka, hata kama aliyeitoa ni mkwe."

Mama mkwe alikuwa ameingia na chai. Alitazama katoni, akanitazama mimi, na nikaona jinsi mambo yanavyosimuliwa kwenye familia: mkwe wetu alitoa zawadi jana, leo kaja kuichukua.

"Basi niruhusuni nizikague hapa hapa," nikasema.

"Kagua," akasema baba mkwe.

Nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka. Nikahesabu pakiti. Zilikuwa kumi na tisa. Tano zimeliwa. Nikafungua ya kwanza, nikavunja biskuti ya kwanza vipande vinne, nikavipapasa, nikaviweka pembeni. Nikavunja ya pili.

Baba mkwe alinitazama kwa dakika kama tano.

"Ndivyo mnavyokagua kiwandani?"

"Kiwandani kuna mashine, baba."

"Naam."

Mama mkwe alileta sinia, akaliweka mbele yangu. Kisha akakaa upande wa pili na akaanza kuvunja na yeye. Hakuuliza tunatafuta nini. Tulivunja biskuti mimi na mama mkwe wangu, uso kwa uso, karibu saa nzima, na mimi ni mtu ambaye kwa heshima ya ukwe sijawahi hata kumaliza chai mbele yake. Wageni wawili walikuja kumjulia hali mgonjwa. Wakasalimia, wakatazama sinia, wakaketi, wakaaga mapema.

Pakiti kumi na tisa. Biskuti mia tatu na arobaini na mbili. Hakuna kitu.

Basi limebaki kwenye zile tano.

"Baba, zilizoliwa walikula akina nani?"

"Mimi mbili. Jirani na mkewe mbili. Moja huyu mama yako."

"Kuna aliyelalamika?"

"Alalamike nini?"

"Labda kaumia mdomo. Labda kaona kitu kigumu."

Baba mkwe akaushusha mguu wake wa plasta kutoka kwenye kigoda, taratibu, kwa mikono miwili.

"Mkwe," akasema. "Kuna nini kwenye hizi biskuti?"

Hapa ndipo mahali pengine ambapo ningeweza kusema. Nimepafikiria sana. Mtu mzima ameniuliza swali la wazi, nyumbani kwake, mkewe yupo, na chai yao iko mkononi mwangu.

"Hakuna kitu, baba. Ni utaratibu tu."

Mama mkwe akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mimi tangu asubuhi tumbo linanichoma," akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Hapa upande."

Nilimtazama pale alipoweka kiganja, chini ya mbavu, na nikaona lile pengo kwenye kisu.

"Mama, twende hospitali."

"Kwa tumbo?"

"Twende sasa hivi. Gari liko nje."

"Mwanangu, chai yako haijaisha."

Nilikuwa nimeshasimama, kiatu kimoja mguuni, funguo mkononi, nambembeleza mama mkwe kama anayemtoa mtu kwenye nyumba inayoungua, na baba mkwe ananitazama kama niliyepanda bila tiketi. Simu ikalia. Alikuwa fundi.

"Bosi," akasema. "Baada ya wewe kuondoka nilikunywa maji. Kisha nikasema ngoja niirudie ile mashine kutoka mwanzo. Nikaanza na zile bolti za juu..."

"Fundi, limepatikana au halijapatikana?"

"Ndiko ninakoelekea. Bolti za juu zilikuwa sawa. Nikashuka kwenye ile rola, na chini ya rola kuna trei ya grisi, ile ambayo haijasafishwa tangu meneja aliyepita..."

"Fundi, nakuomba."

"Lilikuwa kwenye grisi, hapo chini. Ninalo mkononi. Nimelipima kwenye kisu, limekaa sawasawa."

Jino halikwenda popote. Lilikatika, likaanguka moja kwa moja chini, likatulia kwenye grisi umbali wa kiganja kutoka pale lilipokatikia. Hakuna biskuti iliyowahi kuwa nalo. Nilishusha pumzi mpaka mama mkwe akaniuliza kama ni habari ya msiba.

"Hapana, mama. Ni habari njema."

"Basi kaa umalize chai. Hili tumbo ni maharage ya jana. Yalichachuka kidogo, nikaona nisiyatupe."

Nikakaa. Nikanywa. Sikumbuki kama nilishawahi kunywa chai tamu namna ile. Hakuna aliyeumia, jino limepatikana, Mbea amepona, oda itatoka kesho. Hata yule jirani na mkewe wamekula biskuti nzuri. Kulikuwa na jambo moja tu limebaki, nalo nililiona nilipotazama saa ya ukutani ya baba mkwe.

Saa sita na dakika kumi na mbili.

Nikampigia shemeji. Hakupokea. Nikampigia fundi.

"Yuko wapi shemeji?"

"Amepanda juu. Ilipogonga saa sita alipita hapa mbele ya karakana na daftari lake. Nilikuwa ndiyo nimelitoa jino, nikampungia mkono aje. Akadhani namuaga, akanipungia na yeye."

Niliendesha gari vibaya. Nilipoingia ofisini kwa mkurugenzi, shemeji alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma. Daftari la Mbea lilikuwa wazi katikati, kwenye ukurasa wa wiki ile. Sahihi tatu, zimenyooka, wino wa bluu.

Mkurugenzi hakunikaribisha kiti.

"Mkaguzi wako ameniambia mashine ya chuma ilikuwa imezimwa siku tatu," akasema, "na yeye kila siku amesaini kuwa inafanya kazi."

Nikamtazama shemeji. Hakunitazama.

"Nimesema langu," akasema. "Sahihi ni zangu. Hakuna aliyeushika mkono wangu."

"Na nimemuuliza nani aliizima," mkurugenzi akaendelea, "akanijibu kwamba hilo atalisema mwenyewe aliyefanya."

Alikuwa ameniachia nafasi. Nilielewa pale pale, na nataka msomaji aelewe kwamba nilielewa. Angeweza kunitaja na isingekuwa uongo. Alisema la kwake, akalikata pale linapoanzia la kwangu, akanisubiri. Alinisubiri dakika kumi na mbili, na zaidi kwa mwendo wa gari.

"Meneja," mkurugenzi akasema. "Ulikuwa unajua?"

Nitasema nilichofikiri, kwa sababu niliahidi gazetini kusema kila kitu. Sikufikiria mke wangu wala watoto. Nilifikiria ule mkono begani saa tatu asubuhi, mbele ya wafungashaji wote. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, na ilikuwa mara ya kwanza bosi kuniwekea mkono begani.

"Hapana, bosi," nikasema. "Sikujua."

Kupitia sakafuni ilisikika mashine ya kufungashia.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mkurugenzi alizungumza kwa kifupi. Mkaguzi amesimamishwa kazi kuanzia muda huo. Kesho saa mbili asubuhi anataka maelezo ya maandishi mezani kwake, ya watu watatu: mkaguzi, meneja, fundi. Kila mtu aandike anachokijua na aweke sahihi. Basi.

Shemeji alivua koti lake jeupe, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya daftari. Akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya koti. Aliponipita mlangoni aliniambia neno moja tu, taratibu, na hakuwa na hasira.

"Limepatikana?"

"Limepatikana. Lilikuwa kwenye grisi."

"Ahsante Mungu," akasema, akashuka ngazi.

Nilimkuta fundi chini, ameshika kitambaa. Akakifungua. Jino lilikuwa katikati, limesafishwa, linang'aa.

"Nimesikia kila mtu aandike," akasema. "Mimi niandike nini?"

"Andika unachokijua."

Akafikiri. Nilisubiri aanzie mbali kama kawaida yake.

"Ninachokijua ni kwamba ulinituma wewe," akasema.

Nikamwambia asiandike kwanza. Nikamwambia tutaongea kesho mapema. Akakunja kitambaa chake, akakitia mfukoni, akarudi karakana.

Niliondoka kiwandani saa kumi na moja. Jua lilikuwa bado kali. Kila siku hurudi na shemeji, kwa kuwa anaishi kwetu tangu apate kazi. Siku ile kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mke wangu. Nilitunga vizuri. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hadithi yenye mwanzo na mwisho, ambamo kila mtu amekosea kidogo na hakuna aliyekosea sana.

Mke wangu ni karani wa mahakama. Kazi yake miaka kumi na minane ni kuandika wanayosema watu. Anaandika haraka, mwandiko wake unasomeka, na hashangazwi na lolote.

Nilimkuta kwenye meza ya chakula. Vyombo vilikuwa vimeondolewa. Mbele yake kulikuwa na karatasi nyeupe na kalamu mbili. Shemeji alikuwa upande wa pili wa meza, amebadilisha nguo, amejitanda kanga, uso umeoshwa.

"Umerudi," mke wangu akasema. "Pole na kazi."

"Ahsante. Nimeshapoa."

"Mdogo wangu amesimamishwa. Nimemuuliza kwa nini, anasema hawezi kuongea wewe hupo, kwa sababu tukio ni la watu wawili. Amesema na wewe umeambiwa uandike maelezo."

"Ndiyo, lakini yangu nitaandika mwenyewe. Ni mafupi."

"Mwandiko wako hausomeki. Nitawaandikia wote." Akasogeza kiti kwa mguu wake, kile kinachomtazama. "Kaa. Baba naye amepiga simu mara mbili, lakini hilo litakuja kwa zamu yake."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anamimina chai. Akanisogezea kikombe kama afanyavyo kila jioni, sikio la kikombe upande wangu.

Nikakaa.

Mke wangu aliandika tarehe juu ya karatasi. Chini ya tarehe akaandika jina langu, na chini ya jina langu cheo changu, meneja wa uzalishaji, akapiga mstari kwa rula. Hakuinua kichwa. Nimewahi kwenda mahakamani kumchukua, na najua kwamba akiandika maelezo ya mtu huwa hamtazami usoni.

"Jumatatu asubuhi," akasema, kalamu iko tayari. "Nani alisema mashine izimwe?"